Sala iliyokauka na marafiki wa bao: jibu kwa mzee wa Makorora

Swali: Shikamoo Padri. Mimi ni mstaafu wa bandari, naishi Makorora hapa Tanga, nina miaka 67. Mke wangu alifariki mwaka jana. Tangu hapo nikisali naona kama nasema na ukuta. Kanisani naenda, lakini narudi kama nilivyokwenda. Raha yangu iliyobaki ni kukaa barazani jioni na wenzangu tukicheza bao, na karibu wote ni Waislamu, tumejuana tangu ujana. Mwanangu mkubwa ameokoka katika kanisa moja la uamsho Dar es Salaam. Anasema imani yangu imepoa kwa sababu ya marafiki hao, na anataka niwaache. Mwezi ujao tunafanya Misa ya kumbukumbu ya mama yao, mwaka mmoja, naye hataki niwaalike. Je, anasema kweli? Na sala hii iliyokauka niifanye nini?

Jibu:

Marahaba, mzee mwenzangu, na pole sana.

Mwanao hasemi kweli, ingawa hana nia mbaya. Marafiki zako wa bao hawajakupoza imani. Lakini ukimpa jibu hilo tupu mtagombana tu, kwa hiyo kaa nami kidogo.

Nimeona umeutaja msiba wa mkeo kwa mstari mmoja, ukapita haraka kwenda kwenye sala. Wanaume wa rika letu tumelelewa hivyo, tunapita. Mimi naomba turudi hapohapo ulipopita. Mkeo alipokuwa hai, nyumbani kwenu nani alikuwa akianzisha sala ya jioni? Nani alijua kwamba Jumapili hii ni ya ngapi ya Kwaresima? Nani aliitenga sadaka tangu Jumamosi usiku, akalipiga pasi shati lako, akakuita mara mbili uache redio muwahi Misa ya kwanza?

Nimekuwa padri Muheza, Korogwe na hapa mjini, na nimeingia nyumba nyingi za Wakristo. Katika nyingi ya nyumba hizo mwanaume ndiye anayeitwa kichwa cha familia, na mwanamke ndiye anayekumbuka kusali. Mume anaitikia. Anaitikia kwa moyo wote, wala si mnafiki, ila kazi yake ni kuitikia. Siku mwanzishaji anapoondoka, mwitikiaji anabaki amefungua kinywa na hakuna wimbo wa kudakia. Ndiyo maana sishangai unaposema unaongea na ukuta. Ulizoea kusali ukiwa wa pili, na sasa umeachiwa ibada nzima uiendeshe peke yako, chumbani, katika nyumba iliyonyamaza.

Katika Injili ya Marko, sura ya 2, kuna habari ya yule mwenye kupooza wa Kapernaumu. Unaijua. Watu wanne walimbeba, mlango ukawashinda kwa msongamano, wakapanda juu, wakaitoboa dari, wakamteremsha na godoro lake mpaka mbele ya Yesu. Marko anaandika kwamba Yesu alipoiona imani yao, yaani ya wale waliombeba, ndipo alipomwambia mgonjwa kwamba dhambi zake zimesamehewa. Juu ya imani ya mgonjwa mwenyewe Marko hasemi neno. Pengine alikuwa nayo. Pengine siku hiyo alikuwa amechoka hata kuamini, akalala tu akabebwa. Wahubiri wanaopenda kumkaba mtu na swali la "imani yako wewe iko wapi?" huiruka habari hii mbio sana.

Godoro lako wewe mkeo alikuwa ameshika pembe moja, na nadhani ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote. Pembe nyingine zimeshikwa na nani? Hapo ndipo tutakapofika kwa wenzako wa bao.

Kwanza, lakini, nikuulize habari za mwili. Padri anayeruka mwili akaenda moja kwa moja kwenye roho anakupotezea muda.

Mzee mmoja alinijia zamani akasema Mungu amemwacha. Mahubiri hayamgusi, nyimbo hazimwingii, anakaa kanisani kama mzigo. Nikamwuliza somo la Injili la Jumapili ile lilikuwa lipi. Akanitajia lingine kabisa, alilokuwa amejisomea mwenyewe nyumbani. Wakati wote tunazungumza alikuwa ananitazama midomo. Nikamhamisha benchi, akakaa mbele upande wa kulia, karibu na mimbari na mbali na ile spika inayokoroma, na binti yake akampeleka hospitali kutazamwa masikio. Nta ilikuwa imeziba kote kuwili. Sisemi uchamungu wake wote ulikuwa umezibwa na nta, lakini alianza tena kuimba. Uzee huanza kuchukua sauti nyembamba, sauti za wanawake na za watoto, na kwaya zetu ni nani kama si wanawake na watoto? Wako wazee wengi wanaodhani wamepoteza imani kumbe wamepoteza masikio, na wengine hawajashika kitabu cha nyimbo miaka miwili kwa sababu miwani ilivunjika na wanaona aibu kuomba pesa ya nyingine.

Kwa hiyo kapime masikio, macho, sukari na presha. Na kula. Wajane wa kiume wa mji huu nawajua, asubuhi chai na andazi, jioni chai na andazi, na katikati sigara. Shuka soko la samaki la Deep Sea asubuhi, hata kwa pesa ya pensheni hukosi kibua wawili wa kuchoma. Nabii Elia alipochoka akajilaza chini ya mretemu akaomba kufa, malaika hakumhubiria. Alimwekea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akamwamsha, akamlisha tena. Iko katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Ile sauti ya utulivu ya mlima Horebu, ambayo kila mtu anaipenda, ilikuja baada ya chakula mara mbili na usingizi mara mbili.

Umesema kwenye bao bado unaona raha. Hiyo ni dalili njema. Aliyeshikwa na sonona mara nyingi hata kile alichokipenda hakina ladha tena. Lakini kama usingizi umekukimbia, chakula hakipiti, na hali imezidi wiki mbili, nenda hospitali kabla hujaja kwangu. Halafu njoo kwangu.

Sasa sala yenyewe.

Acha kutunga maneno. Najua mwanao anakwambia sala ni kumimina moyo, na ni kweli, ila moyo ukiwa mtupu utamimina nini? Wazee wetu walijua siku kama hizi zitakuja, ndiyo maana walituachia kitabu. Kitabu chetu cha Sala, sisi Waanglikana, tangu zamani kimezigawa Zaburi zote 150 katika siku 30, asubuhi fungu lake na jioni fungu lake, mwezi ukiisha unaanza upya. Hakikuulizi leo unajisikiaje. Tarehe 5 ni Zaburi za tarehe 5, uwe umeamka na furaha au umeamka unakumbuka upande wa pili wa kitanda. Soma kwa sauti hata kama ni ya chini, kwa sababu kusoma kwa macho tu chumbani peke yako kunaleta usingizi.

Ukisoma kwa mpango huo utafika Zaburi ya 88. Nyingi za aina yake huanza na kilio zikaisha na sifa. Hii inaanza na kilio, na inaishia kwa mtu kumwambia Mungu kwamba amemtenga na wapenzi na rafiki zake, kisha giza, basi. Hakuna aliyekuja baadaye akaiongezea mstari wa kuchangamsha. Imeachwa hivyohivyo ndani ya Biblia ili mtu wa hali yako awe na cha kusoma bila kudanganya. Na kama unadhani ukavu ni wa watu baridi, mtazame Mama Teresa wa Calcutta. Alifariki mwaka 1997, na barua zake zilipochapishwa mwaka 2007 watu walishangaa kusoma kwamba kwa miaka na miaka hakuhisi uwepo wa Mungu katika sala, huku kila siku akiamka kusali na kwenda kwa wagonjwa wake. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 2016. Kwa kipimo cha mwanao angeambiwa amepoa.

Ukiniuliza saa ya kusali, nitakuonyesha moja ambayo tayari unayo.

Mimi pia nina baraza yangu. Iko Ngamiani, nje ya karakana ya fundi baiskeli ambaye nimezoeana naye tangu nilipokuwa padri kijana na mnyororo wangu ukikatika kila mara. Yeye ni Mwislamu, na wengi wa pale ni Waislamu. Tunaanza baada ya alasiri. Jua likizama adhana inalia, msikiti wa karibu kwanza, halafu wa barabara ya pili, halafu mingine inapokezana mpaka mji wote. Wenzangu wanainuka. Kete zinaachwa zilivyo. Aliyekuwa kwenye namua, ile hatua ya kwanza ya mchezo, atarudi kwenye namua, na nyumba ya mtu, lile shimo lake kuu la kete, haiguswi. Wanakwenda zao kutawadha, nabaki mimi, ubao, na dele la kahawa. Hapo ndipo ninaposema Sala ya Jioni. Kitabu kiko mfuko mmoja, miwani mfuko wa pili, na taa ya karakana inatosha. Zaburi za siku, Wimbo wa Mariamu, Wimbo wa Simeoni, Baba Yetu, kisha majina ya wagonjwa na ya marehemu. Wakirudi nimemaliza, na kama bado, wanakunywa kahawa wakinisubiri. Jioni moja nilikuwa na homa, nikakaa tu nimeegemea ukuta. Fundi aliporudi, kabla hata hajavua kofia, akaniuliza mbona leo kitabu hakijatoka.

Miaka yote hiyo hakuwahi kutia neno juu ya kitabu changu, kumbe alikuwa anakiangalia.

Wewe pia, pale Makorora, wenzako wakienda Magharibi unabaki na kama robo saa mikononi. Unaifanyia nini? Kama unatazama simu, iweke. Mtu anayeinuka kwenye mchezo anaoshinda ili akasali ni jirani mwema kwa mtu ambaye sala imemkauka. Mwanao anataka uwaache watu ambao kila siku, saa ileile, wanakuachia nafasi ya kusali. Akupe wengine wanaofanya hivyo ndipo tuzungumze.

Nisieleweke vibaya. Sisemi dini zote ni moja. Wanaosema hivyo mara nyingi hawajaisoma hata moja. Fundi anajua ninachokiri juu ya Yesu, na hakikubali. Mimi najua anachokiri yeye, na sikubali yote. Jambo hilo tumeligusa mara chache, kwa adabu, na likaishia pale, kahawa ikaendelea. Urafiki wa Tanga haukujengwa juu ya kukubaliana. Umejengwa juu ya kuzikana.

Hilo wewe hukuhitaji kuambiwa na padri. Akifa Mwislamu mtaani, jeneza linakwenda mabegani kwa kupokezana, kila mwanaume anataka apate hata hatua chache. Nimebeba, na kola ya upadri shingoni. Hakuna aliyenizuia, aliyekuwa mbele yangu alijitoa akanipa nafasi ya bega lake. Na alipofariki mama yangu kule Muheza, watu wa baraza walichanga nauli wakaja. Walichimba kaburi pamoja na wajomba zangu. Tulipoanza sala za maziko wakasogea pembeni chini ya mchungwa, wamesimama kimya, mikono mbele. Tulipomaliza wakarudi kushika majembe. Hakuna aliyewaelekeza wafanye nini wakati gani. Watu wa pwani hii wamezikana miaka mingi, kila mmoja anajua pa kusimama.

Nadhani hata kwako ilikuwa hivyo mwaka jana. Jiulize, siku matanga yalipoanuliwa na viti vya kukodi vikarudishwa, ni nani walioendelea kuja? Bandarini ulikuwa na watu wengi. Mimi kanisani nilikuwa na watu wengi zaidi, na siku padri anapostaafu simu yake hutulia. Walionipigia usiku na mchana wanampigia padri mpya, na ndivyo inavyotakiwa (padri mstaafu anayekaa benchi la nyuma akihesabu makosa ya padri mpya ni ugonjwa wa parokia). Wanaobaki ni wale ambao hukuwahi kuwa na cheo mbele yao. Kwenye bao mimi si Padri wa kuogopwa; nikila kete vibaya nachekwa. Sina mahali pengine mjini ninapochekwa namna hiyo, na naona kunanifaa.

Rafiki wa Ayubu, wale ambao kila mhubiri anawaponda, walifanya jambo moja zuri kabla ya kuharibu. Walikaa naye chini siku saba mchana na usiku, na hakuna aliyemwambia neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makuu mno. Waliharibu walipoanza kumweleza sababu ya msiba wake. Wenzako wa bao wako kwenye zile siku saba bado. Mwanao amekwenda moja kwa moja kwenye maelezo.

Mtume Paulo naye, mzee, yuko gerezani, anamwandikia Timotheo barua ya pili. Sura ya 4 ungetegemea mambo mazito, na yamo, lakini angalia anavyoomba. Anataka joho aliloliacha kwa Karpo kule Troa. Anataka vitabu vyake. Anasema Luka peke yake ndiye aliyebaki naye, na anamsihi Timotheo ajitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi. Huyu ndiye mwalimu wa imani kuliko sisi sote, na hakuona haya kuandika kwamba anataka joho na anataka watu. Wewe umemwambia nani kwamba usiku nyumba ni kubwa? Waambie wenzako. Si lazima uifanye hotuba. Sema tu, "Siku hizi usiku unanipa tabu," uone nani atapita kesho yake asubuhi.

Hata hivyo pembe aliyoishika mkeo wao hawawezi kuishika, na si haki kuwadai. Hapo unahitaji Mkristo mwenzako, mmoja tu anatosha. Si kikundi, si semina. Tafuta mzee wa parokia yako, au mama mtu mzima aliyekuwa akisali na mkeo, mkutane mara moja kwa wiki mseme Sala ya Jioni pamoja, mistari mkipokezana. Wiki hii aanzishe yeye, wiki ijayo wewe. Utaona ugumu mwanzoni, sauti yako mwenyewe itakushtua. Ni kazi ya kujifunza kama nyingine, na wanaume wa miaka 67 wanaiweza. Kama kuna siku huwezi kwenda Misa, mwambie padri wako akuletee Komunio nyumbani, usingoje mpaka uwe mahututi. Vilevile kupakwa mafuta. Yakobo katika sura ya 5 anasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Hakusema awe anakata roho.

Na mafuta hayo ni bure. Nalisema kwa makusudi. Viinua mgongo vya wazee vinawindwa siku hizi, kwa simu na kwa redio, na mtu aliyefiwa ndiye anayewindwa kwanza. Ukiambiwa sala yako imekauka kwa sababu ya laana ya ukoo na kuna chupa ya kuondoa laana hiyo kwa bei fulani, kata simu. Hiyo pesa umeitolea jasho bandarini, ule samaki.

Mwanao sasa. Naye amefiwa. Wewe umefiwa na mke, yeye amefiwa na mama, na kwa namna ulivyoandika nakisia hamjakaa wawili mkamlilia pamoja. Mama alikuwa ndiye mlinzi wa dini ya nyumba ile. Ameondoka, na kijana anaogopa baba atapotea pia. Anakukaba kwa sababu mmoja amemponyoka. Ukali wake juu ya marafiki zako nauona kuwa ni kilio kilichokosa mlango. Kwa hiyo usibishane naye mistari kwenye simu. Atakushinda, wao wanaijua mistari kwa namba. Akija, mwambie aanzishe wimbo aliokuwa akiupenda mama yake. Mwimbe wote wawili mpaka mwisho. Halafu ndipo mzungumze.

Akiendelea kusema kuchanganyika na Waislamu ni ubaridi wa imani, mweleze habari za Askofu Frank Weston. Alikuwa Askofu wa Zanzibar tangu 1908, na Tanga yetu ilikuwa chini yake. Alikuwa mkali wa mafundisho kupita mwanao. Mwaka 1913, baada ya mkutano wa Kikuyu, huko Kenya, ambako Waanglikana walishirikiana na Waprotestanti wengine, alitaka maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda wajibu mashtaka ya uzushi. Ndiyo, uzushi, kwa sababu ya kushirikiana na Wakristo! Huyohuyo, mwaka 1923, alisimama London mbele ya mkutano mkubwa wa Waanglo-Katoliki, yaani Waanglikana wanaoshika ibada za Kikatoliki, akawaambia kwamba hawawezi kudai wanamwabudu Yesu kwenye tabenakulo (kisanduku cha Ekaristi kanisani) kama hawamhurumii Yesu katika vibanda vya maskini. Mwaka uliofuata akafia Hegongo, Magila, karibu na Muheza. Mtu aweza kushikilia imani yake bila kulegeza hata uzi, na bado akawa wa watu wote. Hakuna haja ya kuchagua.

Kuhusu Misa ya kumbukumbu, waalike. Walimzika, watakosaje kumkumbuka? Mwanao mpe kazi badala ya kumpa nafasi ya kukataa: mwombe padri wako amruhusu asome somo la kwanza. Fanyeni Jumamosi asubuhi kama saa nne, ili Ijumaa isiingiliane na mtu. Mweleze padri mapema kwamba kutakuwa na majirani Waislamu, naye awaeleze wahudumu wa kanisa. Wapewe viti upande mmoja, karibu na mlango, waweze kutoka wakitaka. Asitokee mtu wa kuwaambia wasimame wajitambulishe, wala wa kuwasukuma kwenda mbele wakati wa Komunio ati wapewe baraka. Watakaa kimya, wanajua. Kama wenzako watataka kumwombea dua marehemu baadaye pale nyumbani, waache waombe, nawe itikia Amina kwa yale unayoweza kuyaitikia. Kumwombea mkeo rehema si jambo la kukutia wasiwasi.

Mbuzi achinjwe na mmoja wa wenzako wa bao, tena umwombe mwenyewe, usimtume mtoto. Sufuria azimeni kwa jirani Mwislamu ili mtu yeyote asile kwa mashaka, na bia isionekane siku hiyo, hata kwa shemeji yako. Misa itaisha karibu na saa sita, kisha nyumbani, salamu, maneno machache kutoka kwa atakayetaka kumsema marehemu. Adhuhuri ikifika watakwenda kusali. Pilau isipakuliwe mpaka warudi.